Nyumba ya dola 62,000 katikati ya mahindi ya Iowa: tusaini au tuache?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Uvira, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, kisha tukaletwa Marekani 2017. Tuko Des Moines, fleti ya vyumba viwili, watoto wanne, pango dola 1,250 na linapanda kila mwaka. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe katika kaunti ya mashamba, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na mume wangu ameahidiwa kazi hapo hapo. Tumeonyeshwa nyumba ya mbao iliyojengwa 1918, vyumba vinne vya kulala, nusu ekari, kisima na tanki la choo, nje kidogo ya mji. Bei dola 62,000. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu. Anasema benki hatuihitaji: tumpe 7,000 sasa, halafu 443 kila mwezi kwa riba ya asilimia 9, na baada ya miaka mitano tummalizie kilichobaki. Kanisani wengine wanasema nyumba ya bei hiyo lazima ina kasoro au mji unakufa. Wengine wanasema serikali inagawa nyumba bure vijijini, kwa hiyo tunakurupuka. Wengine wanasema wakulima wa huko ni matajiri, mji wao hauwezi kuanguka. Sisi tunaona pesa ya pango inapotea tu. Tusaini?"

Marahaba, dada yangu. Najua mzee anasubiri simu yenu, kwa hiyo natanguliza jibu: mkataba huo msiusaini kama ulivyo, ila nyumba yenyewe msiikatie tamaa. Kinachokusumbua, kama nimekuelewa, ni kwamba bei ni ndogo mno hadi unahisi kuna jambo mnafichwa. Jambo lipo, lakini si siri ya mzee. Ni hali ya uchumi wa kaunti nzima, na ukishaielewa utajua nyumba hiyo inakufaa kwa lipi na haikufai kwa lipi.

Nianze na hao wakulima matajiri. Chuo Kikuu cha Iowa State hufanya uchunguzi wa bei za mashamba kila mwaka, na ule wa 2024 ulipata wastani wa dola 11,467 kwa ekari moja. Piga hesabu: nyumba nzima, vyumba vinne, kisima na uwanja wake, inauzwa kwa bei ya ekari tano na nusu za shamba la mahindi. Shamba lina bei kwa sababu linazaa pesa kila mwaka. Nyumba iliyo pembeni ya shamba bei yake inategemea jambo tofauti kabisa: je, kuna watu wanaotaka kulala humo? Na watu wamepungua, kwa sababu mahindi na soya siku hizi hayahitaji mikono mingi. Mwaka 1950 Iowa ilikuwa na mashamba zaidi ya 200,000. Sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu chini ya 87,000, wastani wa ekari 345 kila moja. Ardhi ile ile bado inalimwa, tena inazaa kuliko zamani, lakini familia zilizokuwa zikinunua mkate mjini na kujaza madarasa ya shule hazipo tena.

Na pesa ya shamba haibaki kijijini kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya ardhi ya Iowa hulimwa na wapangaji, na karibu theluthi mbili yake inamilikiwa na watu wa miaka 65 na kuendelea. Mwenye ardhi anaweza kuwa mjane anayeishi Des Moines, jirani yako wa fleti, au watoto wake walioko Arizona. Pango la shamba linawafuata huko. Kwa hiyo ukiona ghala za nafaka zinameta na matrekta ya bei ya majumba, usihitimishe kwamba mwenye duka la mjini anafanya biashara nzuri.

Kuna jeraha lingine ambalo wazee wa huko hawalisahau. Ardhi ya Iowa ilifika wastani wa dola 2,147 kwa ekari mwaka 1981, halafu riba za benki zilipopanda na bei za mazao zikashuka, ikaporomoka hadi 787 mwaka 1986. Waliokopa kwa dhamana ya shamba walinadiwa mashamba yao. Benki za vijijini zilifungwa, maduka ya matrekta yakafuata, vijana wakaondoka na hawakurudi. Nalitaja hili kwa sababu linamhusu mzee wenu pia. Mtu wa umri wake akikuambia "benki hatuihitaji", si lazima awe tapeli. Katika miji hiyo watu wameuziana ardhi na nyumba kwa mkataba wa awamu, yaani mnunuzi humlipa muuzaji mwenyewe kidogo kidogo na hati hubaki kwa muuzaji hadi deni liishe, tangu enzi za babu zao, hasa pale benki zilipokataa kukopesha. Mzee anaweza kuwa mwema kabisa na mkataba wake ukawa mbaya kwenu hata hivyo.

Je, mji unakufa? Kati ya 2010 na 2020 karibu theluthi mbili ya kaunti 99 za Iowa zilipoteza watu, hivyo wanaosema hivyo hawajatunga. Lakini miji yenye viwanda vya nyama ina historia yake. Zamani ng'ombe na nguruwe walisafirishwa kwa treni hadi Chicago wakachinjwe huko. Mwaka 1961 kampuni ya IBP ilifungua kiwanda huko Denison, Iowa, ikageuza mtindo: kiwanda kiende kwenye mifugo, nyama ndiyo isafirishwe. Wengine wakaiga. Kazi zikahamia miji midogo, na kwa kuwa vijana wa pale hawakuzitaka au hawakutosha, wakaja Wamexico, Walao, watu wa kabila la Chin kutoka Burma, na sasa Wakongo wetu. Ndiyo maana mji kama Storm Lake una shule zilizojaa watoto wakati miji jirani inaunganisha shule tatu kuwa moja.

Hapo ndipo utakutana na jambo linalowashangaza wageni: kaunti inapoteza watu, nyumba ni za bei ya chini, na bado ukitafuta nyumba ya kupanga iliyo nzima huipati. Wazee wanabaki peke yao katika nyumba za vyumba vinne. Nyingine zimeoza kiasi kwamba hazikaliki. Na hakuna anayejenga mpya, kwa sababu kujenga nyumba ya kawaida kunagharimu zaidi ya bei ambayo mthamini wa benki ataiandikia ikishakamilika katika mji huo. Benki haiwezi kukopesha dola 250,000 kwa nyumba itakayothaminiwa 170,000. Kwa hiyo bei yenu ya 62,000 haina maana kwamba nyumba ina mkosi. Maana yake ni kwamba nyumba ni ya zamani, soko lake ni dogo, na siku mkitaka kuiuza mnaweza kusubiri mwaka mzima.

Hilo la kuiuza ndilo nataka mlifikirie kuliko yote, wewe na baba watoto. Mume wako ameahidiwa kazi kiwandani. Shemeji yako yuko kiwandani. Nyumba ina bei hata hiyo iliyo nayo kwa sababu kiwanda kipo. Ina maana mshahara, ukoo na akiba yenu vyote vimefungwa kwenye nguzo moja.

Viwanda hufungwa, na huwa havipigi hodi mapema. Mwaka 2024 kampuni ya nyama ya Tyson ilitangaza mwezi Machi kwamba inafunga kiwanda chake cha nguruwe cha Perry, Iowa, na ilipofika mwisho wa Juni kimefungwa. Wafanyakazi takriban 1,300 katika mji wa watu 8,000 hivi. Lakini Perry iko chini ya saa moja kutoka Des Moines, kwa hiyo aliyekuwa na nyumba aliweza kubaki humo na kuendesha gari kwenda kazi nyingine, ingawa kwa shida. Linganisha na Lexington, Nebraska. Novemba 2025 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kufunga kiwanda cha ng'ombe chenye wafanyakazi kama 3,200, katika mji wa watu 11,000 hivi, kiwanda kifungwe Januari 2026. Lexington haina jiji kubwa jirani. Mwenye nyumba pale anajikuta anashindana kuuza na majirani zake wote kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo chukueni ramani, mweke kidole kwenye nyumba hiyo, mchore duara la mwendo wa dakika 45 wakati wa theluji, si wakati wa kiangazi. Ndani ya duara hilo kuna waajiri wangapi wanaoweza kumwajiri mume wako bila kumtaka Kiingereza cha shule? Na wewe? Hospitali ya kaunti, nyumba ya wazee, shule, kiwanda cha ethanoli, kiwanda cha mashine, jela, duka kubwa. Kama jibu ni kiwanda cha nyama peke yake, mimi ningepanga huko mwaka mmoja kwanza, hata kama ni kubanana kwa shemeji miezi michache. Kama wapo wawili au watatu wasiotegemeana, endeleeni kusoma. Angalizo: kiwanda cha nyama na kampuni ya malori inayobeba nyama hiyo nawahesabu mwajiri mmoja.

Sasa mkataba. Mmeambiwa mtakuwa mnalipa nyumba yenu. Tuitazame pesa yenyewe. Bei 62,000, mmetoa 7,000, deni ni 55,000 kwa riba ya asilimia 9. Hiyo 443 ya kila mwezi imepigwa kana kwamba mtalipa kwa miaka 30. Katika miaka mitano mtakuwa mmemlipa mzee karibu dola 26,500 juu ya ile 7,000. Unadhani deni litakuwa limebaki kiasi gani? Takriban 52,700. Katika ile 26,500, kama 2,300 tu ndiyo imepunguza deni, iliyobaki yote ni riba. Na siku hiyo ya mwaka wa tano mnatakiwa mlete 52,700 kwa mkupuo. Hamtakuwa nayo. Mtategemea benki iwakopeshe, benki ile ile ambayo leo mnaambiwa hamuihitaji, kwa nyumba ambayo itakuwa na miaka mingine mitano kichwani.

Msipopata mkopo itakuwaje? Hapa sheria ya Iowa ni kali kuliko wengi wanavyojua. Ukiwa na mkopo wa benki ukashindwa kulipa, benki kwa kawaida inapitia mahakamani, na jambo huchukua miezi. Ukiwa na mkataba wa awamu, muuzaji anaweza kukupa notisi ya maandishi, na kwa kawaida una siku 30 za kurekebisha kosa lako. Zikipita, mkataba umekufa, nyumba imerudi kwake, na ulichokwisha kulipa kimebaki kwake pia, pamoja na paa jipya uliloweka. Hakuna hakimu aliyekusikiliza. Na kosa si lazima liwe kuchelewesha ile 443. Kushindwa kulipa kodi ya majengo, au kuacha bima ikatike, kunatosha ikiwa mkataba unasema hivyo, na mikataba karibu yote inasema hivyo.

Kuna hatari nyingine isiyotoka kwa mzee bali kwa deni lake. Nyumba inaweza kuwa bado iko rehani benki, au ina kodi za kaunti zilizolimbikizwa, au watoto wake wana haki ndani yake. Iowa ina utaratibu wake wa pekee hapa: katika majimbo mengine watu hununua bima ya hati miliki kutoka kampuni binafsi, lakini Iowa biashara hiyo hairuhusiwi. Badala yake kuna kabrasha la historia ya umiliki linalofuatana na kila kiwanja, tangu serikali ilipompa mtu wa kwanza, na wakili hulisoma ukurasa kwa ukurasa kisha akaandika maoni yake. Mwambieni mzee alitoe, lisasishwe, lisomwe na wakili wenu, sio wake. Tena sheria inamtaka muuzaji asajili mkataba wa namna hii kwenye ofisi ya msajili wa kaunti. Akisema "tuache hayo, tunaaminiana", basi hapo mmepata jibu.

Lakini mkataba wa awamu unaweza kurekebishwa ukawa wa haki, na mzee mstaarabu anaweza kukubali. Mwombeni riba ya asilimia 6 na muda wa miaka 15 badala ya mkupuo wa mwaka wa tano. Kwa deni lile lile la 55,000, malipo yanakuwa kama dola 464 kwa mwezi, yaani dola 21 zaidi ya anazowaomba sasa, na mwisho wa miaka 15 nyumba ni yenu, hamdaiwi hata senti. Mwambie mume wako aiseme hesabu hiyo mbele yake kwa upole. Hata akishikilia asilimia 9, miaka 15 ni kama 558 kwa mwezi, na bado ni afadhali kuliko mkupuo. Muhimu ni mkupuo uondoke, au muda wake usogezwe mbali sana.

Na njia ya benki? Hapo watu wetu wengi hukata tamaa bure, ingawa ugumu upo. Benki kubwa hazipendi mikopo midogo. Kazi ya kuandaa mkopo wa 60,000 ni karibu sawa na ya mkopo wa 300,000, na faida ni ndogo. Benki ndogo za mji husika na vyama vya akiba na mikopo huwa na moyo zaidi, kwa sababu zinaijua nyumba na zinamjua mzee. Anzeni huko.

Halafu kuna Wizara ya Kilimo ya Marekani, na ndiko uvumi wa "nyumba za bure" unakotoka, kwa sehemu. Serikali haigawi nyumba. Miji michache midogo, Marne huko Iowa ni mmojawapo, imewahi kutoa viwanja bure, kiwanja kitupu, kwa masharti kwamba ujenge nyumba, nawe umeshaona kujenga kunagharimu nini. Ambacho wizara hiyo inatoa ni mikopo ya nyumba za vijijini bila malipo ya awali. Mmoja unapitia benki, wizara inadhamini, na unawafaa wenye kipato cha kati. Mwingine wizara inakopesha yenyewe familia za kipato cha chini, kwa miaka 33, wakati mwingine 38, na kwa familia inayostahili ruzuku kamili malipo yanaweza kushuka hadi kana kwamba riba ni asilimia 1. Kwa dola 62,000, hiyo ingekuwa kama 184 kwa mwezi, kabla ya kodi ya majengo na bima. Ruzuku hiyo si zawadi moja kwa moja: mkiuza nyumba au mkihama, sehemu yake mnaweza kudaiwa irudishwe. Na foleni ni ndefu, miezi kadhaa.

Kikwazo chenu huenda kikawa nyumba, si ninyi. Wizara hairuhusu mkopo kwa nyumba isiyo salama: nyaya za umeme za zamani, paa linalovuja, tanki la choo lililokufa. Wakati mwingine gharama za matengenezo zinaweza kuingizwa ndani ya mkopo, na ni jambo la kuuliza siku ya kwanza. Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, mlioletwa kama wakimbizi 2017 bila shaka mna kadi ya ukaazi wa kudumu, na huenda mmeshafikia kuomba uraia. Mko pazuri. Taratibu za mikopo ya serikali kwa wasio wakaazi wa kudumu zimekazwa tangu 2025, kwa hiyo kama mmoja wenu bado hajapata kadi, aulize kabla ya kulipa ada yoyote. Ofisi ya wizara ya jimbo zima iko hapo hapo Des Moines. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, tafadhali msimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri mkopo.

Sasa nyumba yenyewe. Ya 1918, nje ya mji, kisima, tanki. Tangu Julai 2009 sheria ya Iowa inataka tanki la choo la binafsi likaguliwe nyumba inapouzwa, na mkataba wa awamu si kichochoro cha kulikwepa. Ombeni ripoti hiyo kabla ya kutoa hata dola, kwa sababu mfumo mpya unaweza kula dola 10,000 hadi 20,000, pengine theluthi nzima ya bei ya nyumba. Maji ya kisima pimeni naitreti: mbolea ya mahindi huzama ardhini, na kipimo kikizidi miligramu 10 kwa lita, mtoto mchanga anaweza kudhurika damu yake ikashindwa kubeba hewa. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha. Idara ya afya ya kaunti mara nyingi hupima visima bure, pigeni simu tu.

Rangi ya nyumba ya 1918 karibu hakika ina sumu ya madini ya risasi chini ya tabaka za juu, na ninyi mna watoto wanne. Si sababu ya kukimbia. Ni sababu ya kutokwangua kuta ovyo, na ya kuwapima watoto damu, kipimo ambacho Iowa inakidai hata hivyo kabla mtoto hajaanza shule. Gesi ya radoni ni habari nyingine: haina harufu, hutoka ardhini, huleta saratani ya mapafu, na Iowa nzima imo katika kundi la hatari ya juu kabisa. Kifaa cha kupima ni cha bei ndogo. Bomba na feni ya kuitoa nje ni pesa ya wastani, na mnaweza kumwomba muuzaji achangie.

Bima, watu huiacha mwisho, mimi nataka muiulizie mapema kabisa. Tangu dhoruba kubwa ya upepo ya Agosti 10, 2020 na mvua za mawe zilizofuata, kampuni za bima Iowa zimekuwa kali. Nyumba ya miaka mia yenye paa bovu inaweza kukataliwa, au ikakubaliwa kwa sharti kwamba upepo ukiezua paa ninyi mnaanza kulipa asilimia fulani ya thamani ya nyumba kabla kampuni haijatoa chochote. Pateni bei ya bima ya anuani hiyo kabla hamjazungumza tena na mzee.

Na hiyo "pesa ya pango inapotea". Ngoja niweke makadirio yangu, yenu yatatofautiana kidogo. Mzee 443. Kodi ya majengo kama 75 kwa mwezi. Bima 200. Gesi ya kupasha moto nyumba, ambayo huko huletwa kwa lori na kujazwa kwenye tanki uani, wastani wa 170 ukigawa kwa mwaka, ingawa Januari itakuonyesha meno. Matengenezo 200, na hapo nimekuwa mpole. Jumla imekaribia 1,090. Mnaokoa 160 kwa mwezi, kabla hamjanunua gari la pili, maana huko hakuna basi, na wewe huwezi kukaa na watoto wanne nje ya mji bila gari. Msiende kwa ajili ya kuokoa pesa ya mwezi ujao. Mtakachopata kweli ni vyumba viwili zaidi, uwanja, bustani ya lengalenga (mihogo haitakubali baridi), watoto kulala bila kusikia majirani juu ya dari. Kwa familia nyingi ninazozungumza nazo hilo linatosha, na ni sababu nzuri. Ongezeni maswali mawili tu kwenye orodha yenu: kama mnatarajia mtoto mwingine, wodi ya uzazi iliyo karibu iko wapi, kwa sababu hospitali nyingi za vijijini Iowa zimefunga zao, na shule ina mwalimu wa Kiingereza kwa wageni?

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwafanyia. Mkaguzi wa nyumba aingie ndani na tochi, apande darini na ashuke chini ya sakafu. Gharama yake kwa kawaida ni dola 400 hadi 600, na nendeni mkiwa naye, msisubiri karatasi. Wakili asome mkataba na kabrasha la umiliki kabla ya sahihi. Shirika la Iowa Legal Aid husaidia wenye kipato kidogo bure. Mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya nyumba ya serikali kuu atawapigia hesabu ya kipato na madeni yenu kwa siri, bila malipo au kwa ada ndogo, nanyi mkipiga namba 211 mtaelekezwa kwa aliye karibu. Na kama mmeshampa mzee chochote, hata dola 500 za kushikilia nyumba, au mmeshaweka sahihi mahali popote, acheni kila kitu mtafute wakili wiki hii hii. Kilichosainiwa kina tarehe, na siku zinahesabiwa.

Kwa leo, mpigieni mzee simu. Mshukuruni, mwambieni mnaitaka nyumba, mnaomba siku 45, ripoti ya tanki la choo, kabrasha la umiliki, na ruhusa ya mkaguzi kuingia. Kisha msikilizeni anavyojibu.